Grace Hopper: Mwalimu aliyeifundisha kompyuta lugha ya watu

Siku hizi kila shule inayotaka kusifiwa hutangaza kwamba inafundisha watoto kuandika programu za kompyuta. Ni jambo jema. Mwaka 2022 Taasisi ya Kukuza Mitaala nchini, KICD, iliidhinisha mtaala wa kufundishia somo hilo shuleni, na wazazi wengi wa Pwani wameanza kuuliza watoto wao watapata wapi masomo hayo. Lakini pamoja na hamu hiyo zimeenea dhana mbili zinazowafungia watu wengi nje. Ya kwanza husema kompyuta ni mambo ya watoto na vijana. Mtu mzima amechelewa. Ya pili husema asiyekijua Kiingereza sawasawa asijisumbue.

Alikuwako mwanamke mmoja wa Kimarekani aliyezipinga dhana zote mbili kwa maisha yake. Jina lake Grace Hopper. Alipoiona kompyuta kwa mara ya kwanza alikuwa na umri wa miaka 37, na alipovuka miaka 80 bado alikuwa akifundisha. Na jambo kubwa aliloliacha duniani lilitokana na swali la lugha: kwa nini mtu ajikunje aifuate mashine, ilhali mashine inaweza kufundishwa imfuate mtu?

Grace alizaliwa jijini New York tarehe 9 Desemba 1906, kifungua mimba katika nyumba ya watoto watatu. Jina lake la kuzaliwa ni Grace Brewster Murray. Tangu utotoni alikuwa na udadisi wa kutaka kujua kitu kinavyofanya kazi. Alipokuwa na miaka 7 alifungua saa ya kengele ya nyumbani aone ndani mna nini. Aliposhindwa kuirudisha akafungua ya pili, kisha ya tatu, hadi zikafika 7. Mamake alipogundua hakumchapa. Alimruhusu abaki na saa moja ya kuchezea, nyingine zisiguswe.

Babake alikuwa wakala wa bima, na alikatwa miguu kwa sababu ya maradhi. Huenda ndiyo sababu alisisitiza kwamba binti zake wasome sawa na ndugu yao wa kiume, ili kila mmoja aweze kujitegemea siku yoyote. Mamake naye alipenda sana hesabu, ingawa zama zake msichana hakuruhusiwa kwenda mbali katika somo hilo.

Njia yake haikuwa ya mteremko. Alipoomba nafasi katika chuo cha Vassar akiwa na miaka 16 alikataliwa kwa kuwa alianguka mtihani wa Kilatini. Akasubiri mwaka mmoja, akarudi, akapokewa. Mwaka 1928 alihitimu shahada ya hisabati na fizikia, na mwaka 1934 Chuo Kikuu cha Yale kikamtunuku shahada ya uzamifu katika hisabati. Miaka hiyo wanawake waliofika daraja hilo walikuwa wa kuhesabika. Kati ya hapo aliolewa na Vincent Hopper, ambaye pia alikuwa mwalimu. Ndoa hiyo ilivunjika mwaka 1945, lakini jina la Hopper alilichukua hadi kaburini.

Mwaka 1931 alirudi Vassar, safari hii akiwa mwalimu. Hapa ndipo tunapoona aina ya mwalimu aliyekuwa. Wanafunzi wake wa hisabati walishangaa kuambiwa waandike insha kuhusu kanuni waliyofundishwa, kisha insha hizo zikasahihishwa kwa wino hadi makosa ya lugha. Walilalamika kwamba wao walijiandikisha kusoma hesabu, si lugha. Jibu lake lilikuwa kwamba hesabu unayoijua lakini huwezi kumweleza mwenzako haina faida kwa yeyote. Maneno hayo hayakumtoka kinywani hadi uzeeni.

Vita vikuu vya pili vilipofika Marekani, Grace alitaka kujiunga na jeshi la wanamaji, kama alivyokuwa babu yake mmoja wa zamani. Akaambiwa umri umepita. Isitoshe, alikuwa mwembamba mno kwa masharti ya jeshi, na kazi yake ya ualimu wa hisabati ilihesabiwa kuwa muhimu kwa taifa, kwa hivyo abaki darasani. Alibishana hadi akapata idhini, na Desemba 1943 akaapishwa katika kikosi cha akiba cha wanawake. Aliwekwa kwenye mafunzo pamoja na wasichana wa rika la wanafunzi wake wa juzi, na alipomaliza mwaka 1944 alikuwa wa kwanza katika kundi lake.

Badala ya kupelekwa melini alitumwa Chuo Kikuu cha Harvard, kwenye chumba kilichokuwa na mashine iliyoitwa Mark I. Msomaji anayeisoma makala hii kwenye simu ajaribu kuiwazia mashine hiyo. Urefu wake ulizidi mita 15 na uzito ulikaribia tani 5. Nyaya zilizokuwa ndani yake zingenyooshwa zingefika kama kilomita 800, yaani utoke Mombasa ufike Nairobi, kisha ugeuze na kurudi zaidi ya nusu ya njia. Pamoja na ukubwa huo, kuzidisha namba mbili kuliichukua sekunde 6 hivi. Maagizo yake yaliandikwa kwa kutoboa matundu katika utepe wa karatasi, na tundu moja likikosewa hesabu nzima iliharibika.

Mkubwa wa mradi, Howard Aiken, hakuwa mtu wa kubembeleza. Siku ya kwanza tu, Julai 1944, alimwonyesha Grace mashine, akampa maelezo ya mishimo na nambari zake, akamtaka alete jibu la hesabu ngumu kabla ya wiki moja kuisha. Mwalimu huyu mwenye shahada ya uzamifu akajikuta mwanafunzi tena. Waliomshika mkono ni vijana wawili waliomtangulia katika kazi ile, Robert Campbell na Richard Bloch. Bloch alikuwa na miaka 23 tu. Grace hakuona haya kuuliza, na hao vijana hawakumdharau kwa kutojua. Baada ya muda yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuandika kitabu cha kuieleza mashine ile, chenye kurasa zaidi ya 500, kilichotolewa mwaka 1946. Humo mwalimu wa insha na mjuzi wa hesabu walikutana: aliandika ili mtu ambaye hajawahi kuiona kompyuta aweze kuelewa.

Hapo Harvard ndipo kilipotokea kisa cha nondo ambacho wanafunzi wengi husimuliwa. Tarehe 9 Septemba 1947 mashine iliyofuata, Mark II, ilikwama. Mafundi walipochunguza walimkuta nondo amenaswa ndani, wakambandika kwenye daftari la kumbukumbu. Wengi humtaja Grace kuwa ndiye aliyemtoa. Si yeye, ingawa alipenda mno kukisimulia kisa hicho. Wala neno la mdudu kwa maana ya hitilafu halikuanzia hapo, kwani mafundi walilitumia hata kabla ya kompyuta kuwako. Lakini alijua kwamba mwanafunzi akicheka hasahau, na kwa hadithi ile aliwafunza wengi kwamba kosa katika programu ni kitu cha kutafutwa kwa utulivu hadi kionekane.

Mwaka 1949 aliacha Harvard akaenda Philadelphia, kwenye kampuni changa iliyokuwa ikiunda kompyuta ya kibiashara iliyoitwa UNIVAC. Kule aliona taabu iliyomsumbua tangu Harvard. Watu walikuwa wakiandika maagizo yale yale kila mara, wakinakiliana kutoka daftari moja hadi jingine, na kila wakinakili wanakosea. Akajiuliza kwa nini kazi hiyo ya kunakili isifanywe na mashine yenyewe. Kufikia mwaka 1952 alikuwa ameandika programu inayofanya hivyo: unaipa orodha fupi ya unachotaka, nayo inakwenda kuchukua vipande vya maagizo vilivyohifadhiwa na kuviunganisha. Wataalamu huita programu ya namna hiyo kompaila, na zile za leo zimekua kutoka katika fikra kama hiyo. Makala aliyoisoma mbele ya wanasayansi mwaka huo ilihusu elimu ya kompyuta, na kwa elimu alikusudia kuisomesha mashine, si watu. Wengi hawakuamini. Walimwambia kompyuta kazi yake ni kujumlisha na kutoa, haiwezi kuandika programu.

Hatua ya pili ndiyo inayotugusa sisi zaidi. Grace alitambua kwamba si kila mtu anapenda alama za hisabati. Karani wa mshahara, mhasibu na mtunza stoo wanaijua kazi yao vizuri, na wanaieleza kwa maneno: toa makato kwenye mshahara, zidisha bei kwa idadi, andika jumla. Akapendekeza kwamba programu ziandikwe kwa maneno ya namna hiyo, na kompaila iyatafsiri kuwa nambari zinazoeleweka na mashine. Alijibiwa kwamba haiwezekani, kwa kuwa kompyuta haijui Kiingereza.

Katikati ya miaka ya 1950 yeye na wenzake waliwaandalia wakubwa wa kampuni maonyesho. Waliandika programu ndogo kwa maneno ya Kiingereza, ikafanya kazi. Kisha wakabadilisha maneno yale kwa ya Kifaransa, ikafanya kazi. Wakaweka ya Kijerumani, ikafanya kazi vile vile. Kwa Grace jambo lilikuwa wazi: kwa mashine, neno ni alama tu, na alama ya Kifaransa haina uzito kuliko ya Kiingereza. Wakubwa walishtuka. Waliona ni kichekesho kwamba kompyuta iliyotengenezwa Pennsylvania ielewe Kifaransa au Kijerumani. Ilibidi timu yake iahidi kwamba itashikamana na Kiingereza peke yake, na hata hivyo ilichukua muda kuwashawishi.

Hebu tukae hapo kidogo, ndugu msomaji. Kiingereza hakikushika nafasi yake katika kompyuta kwa sababu mashine inakipenda. Zaidi ya miaka 70 imepita tangu ionyeshwe kwamba lugha nyingine zinaweza. Kilichozuia kule Philadelphia ni fikra za mabwana wa kampuni.

Lugha ya programu aliyoiunda Grace na timu yake iliitwa FLOW-MATIC. Mwaka 1959 wawakilishi wa serikali ya Marekani na makampuni walikutana ili kutunga lugha moja itakayotumika katika kompyuta za aina zote, na kazi yao ikazaa COBOL. Haki isemwe: COBOL ilitungwa na kamati, wakiwemo wanawake wengine kama Jean Sammet, na Grace alikuwa mshauri. Lakini FLOW-MATIC ndiyo iliyokuwa msingi mkubwa wa kazi ile. Mwishoni mwa mwaka 1960 programu moja ya COBOL iliendeshwa katika kompyuta za makampuni mawili tofauti, jambo ambalo kabla ya hapo lilikuwa ndoto. Hadi leo COBOL ingali inafanya kazi katika mitambo ya benki nyingi kubwa duniani.

Haikukosa wapinzani. Mtaalamu Mholanzi, Edsger Dijkstra, aliishambulia vikali mwaka 1975, akiona kwamba inalemaza akili ya mwanafunzi. Na ni kweli kwamba lugha yenye maneno mengi huchosha kuandika, tena maneno mepesi hayaondoi ugumu wa kufikiri. Lakini hoja ya Grace haikuwa kwamba programu iwe rahisi kwa bingwa. Alitaka mlango uwe mpana, ili mwenye kazi yake aingie mwenyewe badala ya kumsubiri mtaalamu amkalimanie.

Jeshi lilimstaafisha mwisho wa mwaka 1966 kwa sababu ya umri. Haikupita miezi mingi likamwita tena, Agosti 1967, kwa kazi ya miezi sita ya kupanga matumizi ya COBOL. Miezi hiyo sita ikageuka kuwa karibu miaka 19. Alipostaafu kwa mara ya mwisho tarehe 14 Agosti 1986, ndani ya meli ya kale USS Constitution huko Boston, alikuwa na miaka 79 na cheo cha admirali, na hakukuwa na afisa mwenye umri mkubwa zaidi yake katika utumishi. Baada ya hapo aliajiriwa na kampuni ya kompyuta ya Digital, ambako kazi yake kubwa ilikuwa kuzunguka akitoa mihadhara.

Na hapo kwenye mihadhara ndipo sifa yake ya ualimu ilipofahamika na wengi. Majenerali na maadmirali walikuwa wakimuuliza kwa nini ujumbe unaopita kwenye setilaiti unachelewa. Angeweza kuwaandikia hesabu ubaoni. Badala yake aliwagawia vipande vya waya vyenye urefu wa karibu sentimita 30. Huo, aliwaambia, ndio umbali mrefu kabisa ambao umeme unaweza kwenda kwa nanosekunde moja, yaani sekunde ikigawanywa mara bilioni. Kisha alitoa fungu la waya lenye urefu wa karibu mita 300, kuonyesha maikrosekunde, ambayo ni nanosekunde 1,000. Mtu akishaushika waya ule mkononi huelewa kwamba kutoka hapa hadi kwenye setilaiti zimo nanosekunde nyingi mno. Ilipohitajika kueleza kipimo kidogo zaidi, pikosekunde, alitumia chembe za pilipili manga iliyosagwa. Waya ule ule aliwapa admirali mzee, mwanafunzi wa chuo na watazamaji wa televisheni, na wote wakaelewa.

Ofisini kwake alikuwa na saa ya ukutani inayokwenda kinyume. Ilisema saa sahihi kabisa, ila mishale yake ilizunguka upande wa kushoto. Aliitundika kumkumbusha kila aingiaye kwamba kusema mambo yamekuwa hivi siku zote si sababu ya kuyaacha yaendelee hivyo.

Grace Hopper alifariki tarehe 1 Januari 1992 akiwa na miaka 85, akazikwa kwa heshima za kijeshi katika makaburi ya Arlington. Meli ya kivita inabeba jina lake, na mwaka 2016 alitunukiwa nishani ya juu ya raia nchini mwake. Yeye mwenyewe, alipoulizwa kuhusu mafanikio yake, aliitanguliza kazi ya kuwafunza vijana mbele ya kompaila na COBOL.

Sasa turudi kwetu. Mombasa ndiko nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilikotia nanga mwaka 2009, na intaneti ya nchi nzima ikabadilika. Waya ulipita mlangoni petu. Swali ni wangapi kati yetu tunaoweza kuutumia kutengeneza kitu, na si kutazama tu vilivyotengenezwa na wengine.

Tunapenda kusema samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo ni kweli kwa malezi, lakini tukiifanya sheria ya elimu tutakuwa tumewafungia mama mwenye duka, mwalimu wa chekechea, fundi cherehani na nahodha mstaafu. Watu hao wana kitu ambacho mtoto wa darasa la nne hana: wanajua kazi zao. Mama anayejua kupiga hesabu ya mali kauli, deni na faida tayari anafikiri kama mwandishi wa programu. Anachokosa ni mtu wa kumweleza kwa maneno anayoyajua.

Na maneno hayo yapo. Programu ya Scratch, inayotumiwa kufundishia watoto kwa kupanga vipande kama matofali, inaweza kuwekwa katika Kiswahili kwa kubofya mara moja. Katika lugha kama Python, maagizo makuu ni ya Kiingereza na hayazidi machache, lakini majina ambayo mwandishi anayatoa mwenyewe anaweza kuyaita bei, idadi, jumla au deni, na mashine haitalalamika. Mwalimu anaweza kueleza somo zima kwa Kiswahili, akatumia mfano wa bei ya samaki Kongowea badala ya mfano wa mji ambao mwanafunzi hajauona, kisha Kiingereza cha mtihani kikafuata baadaye mtoto akiwa ameshaelewa. Si kukikataa Kiingereza. Ni kutokifanya kuwa kizingiti ambacho mtu lazima akivuke kabla hajaruhusiwa hata kuuliza.

Shule na madrasa zenye kompyuta hufunga milango saa za jioni na wikendi. Kaunti zina vyuo vya ufundi na maktaba. Vijana waliohitimu masomo haya wapo mitaani, wengine wakitafuta kazi. Kinachohitajika ni darasa moja la jioni kwa juma, la Kiswahili, ambalo bibi na mjukuu wanaweza kuketi benchi moja. Kijana wa miaka 23 alimfundisha Grace Hopper, naye hakuona kwamba amevunjiwa heshima. Kamati za shule zinazokutana kupanga ratiba za muhula ujao zinaweza kulijadili jambo hili bila kusubiri barua kutoka Nairobi.